Jinsi ya kusimamisha pikipiki ghafla bila kuanguka

Ndugu zangu wa bodaboda na nyie mnaojifunza, kuondoa pikipiki kila mtu anaweza, kazi iko kwenye kuisimamisha. Wengi tumefundishwa mtaani eti breki ya mbele usiiguse itakurusha, hiyo si kweli na inaumiza watu kila siku. Ukishika breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi ya mbele inakandamizwa inashika lami vizuri, ya nyuma inakuwa nyepesi, ndo maana ukikanyaga ya nyuma peke yake inajifunga inaserereka na pikipiki bado inaenda tu.

Kinachorusha ni kuibana kwa mkupuo. Sasa fanya hivi: achia mafuta, bana ya mbele kwa vidole viwili vitatu, taratibu kwanza halafu unazidisha kadiri uzito unavyohamia mbele, huku mguu unakanyaga ya nyuma kidogo. Klachi usiiwahi maana injini nayo inapunguza mwendo, ishike mwishoni kabla haijazima. Usukani unyooke, macho yaangalie pa kupita, sio bampa ya daladala. Ukisikia tairi ya mbele imejifunga achia hapohapo, bana upya. Na ile ya kuilaza pikipiki makusudi acheni jamani, chuma kwenye lami kinateleza kuliko tairi.

Tafuta sehemu ya lami isiyo na magari, anza na spidi 20, rudia mpaka vidole vizoee, ndo upande 30, 40.

Alafu spidi 60 kila sekunde unakula kama mita 17, hapo kidole hata hakijagusa breki, na ukitoka 30 kwenda 60 umbali wa breki unakuwa mara nne, sio mara mbili kama watu wanavyodhani. Ukiwa na abiria acha nafasi zaidi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo mbaya, oili na vumbi vinachanganyika na maji. Ukivuka dimbwi na breki zako ni za shuu (zile za ngoma, sio za diski), zishike kidogokidogo huku unaendesha zikauke.

Na kwa breki hizo za shuu, asubuhi kabla ya kutoka bana mkono wa breki ya mbele, ukikaribia kugusa mshikio kaza kebo, na kama nati ya kukazia imefika mwisho shuu zimeisha hizo, badilisha siku hiyohiyo kabla hujapakia mtu.