Supu ya Kuku kwa Mwenye Mafua: Ulimi wa Mgonjwa Usikudanganye

Nauza supu asubuhi huku Temeke, na mwenye mafua namjua kabla hajafungua mdomo. Anakuja kavaa sweta wakati wenzake wanajipepea, anakaa mwisho wa benchi, na chapati haigusi. Anachotaka ni bakuli la moto alishike kwa mikono miwili, mvuke umpige usoni. Mwezi wa sita na wa saba, kipupwe kikishika, watu wa namna hiyo huwa wengi, na wengi huondoka na swali lile lile: nyumbani nampikiaje mtoto, mume, bibi?

Huwa nawaambia wasiige supu yangu ya kijiweni. Ile imepikwa kwa ajili ya kijana wa bodaboda mwenye njaa: chumvi imekolea, mafuta yanaelea juu kama sarafu, pilipili iko pembeni anajichotea. Supu ya mgonjwa ni kazi nyingine.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa baba mkwe alishikwa na mafua, nami nikataka nionekane mpishi. Akaonja. "Mwanangu, haya si maji ya moto tu?" Nikaongeza chumvi. Akaonja tena, akatikisa kichwa. Nikaongeza. Mara ya tatu mama mkwe akachota kijiko, akakunja uso, akasema, "Mwanangu, leo umetuletea bahari ndani."

Mzee hakuwa anasema uongo. Pua ikiziba, harufu haifiki inakotakiwa, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Ulimi peke yake unajua chumvi, sukari, uchungu, uchachu na ule utamu wa nyama, basi. Kwa hiyo mwenye mafua akikwambia "haina kitu", usikimbilie kopo la chumvi. Mpe vitu ambavyo mtu anavisikia hata pua ikiwa imekufa: ukali wa tangawizi na pilipili manga, uchachu wa ndimu, na joto lenyewe. Hapo ndipo mapishi haya yanapotofautiana na ya kila siku.

Vya kuandaa

Kuku mmoja wa kama kilo 1.3, maji lita 3, kitunguu maji kikubwa kimoja, kitunguu saumu kichwa kizima (ndiyo, kichwa, si punje mbili), tangawizi mbichi vipande viwili vyenye ukubwa wa dole gumba, karoti 2, pilipili manga nzima nusu kijiko cha chai, ndimu 2 na chumvi. Kama una mchaichai uani, chuma majani machache. Viazi mviringo weka ukipenda, ila viwe viwili tu, maana vikizidi utakuwa umepika mtori bila ndizi.

Hatua ya 1: Chagua kuku

Kuku wa kienyeji ndiye mwenye supu, wale wa Singida na Dodoma wanaoingia Dar es Salaam wamejazana kwenye matenga. Sababu kubwa ni umri. Broila anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, mifupa bado laini. Kuku wa kienyeji ameshakaa miezi mingi akikimbizana na wenzake, miguu na viungo vimekomaa, na ukimchemsha polepole vile vya kunatanata vilivyomo kwenye ngozi, mishipa na viungo vya mifupa huyeyukia kwenye maji. Supu ya namna hiyo ukiiacha ipoe kwenye friji inaganda na kutikisika. Ikiganda ujue umeipata.

Kwa mgonjwa napendelea tetea kuliko jogoo, kwa sababu anaiva upesi na nyama yake hailazimishi meno. Lakini kama mfuko hauruhusu, nitakuambia siri ya sisi wauza supu: tafuta kuku wa mayai aliyemaliza kutaga. Wafugaji huwauza kwa bei nafuu kuliko kienyeji, watu wanawadharau kwa sababu nyama ni ngumu, kumbe mchuzi wao unamkaribia kienyeji kabisa. Na kama kilichopo ni broila tu, mpike huyo huyo, ila nunua na miguu na shingo za kuku uongezee. Mabucha mengi ya kuku huuza miguu peke yake, bei ya kutupa.

Hatua ya 2: Msafishe na umkate

Mpitishe juu ya moto kuzibabua zile nywele zilizobaki baada ya kunyonyoa. Miguu itie kwenye maji ya moto dakika moja, menya ile ngozi ngumu ya nje, kata kucha. Usiitupe, humo ndimo kwenye utajiri.

Muoshe kwenye beseni, usimshike chini ya bomba linalomwaga kwa nguvu, kwa sababu matone yanarukia vyombo na kachumbari iliyo pembeni. Wengi tunamsugua kwa ndimu na chumvi, nami hufanya hivyo kuondoa shombo, lakini tusijidanganye kwamba ndimu inaua vijidudu. Moto ndio unaoua. Kisu na ubao uliomkatia uvioshe kwa sabuni kabla hujavigusisha kitu kingine.

Mkate vipande nane au kumi kwenye maungio. Usivunjevunje mifupa kwa panga, utamletea mtoto vipande vidogo vya kumkwama kooni. Vua ngozi ya mgongoni na mapajani, ya kwingine iache. Firigisi, shingo na miguu viingie sufuriani tangu mwanzo. Maini yaweke kando, yanachafua supu yakichemka muda mrefu.

Hatua ya 3: Maji baridi, moto mdogo

Panga kuku kwenye sufuria, mimina maji baridi lita 3, ndipo uwashe. Ukimtupia kwenye maji yanayochemka, povu linatawanyika na kubaki ndani. Ukianza na maji baridi, uchafu unapanda juu taratibu ukiwa umejikusanya, nawe unauengua kwa upawa. Simama hapo hapo dakika kumi za kwanza za kuchemka. Engua, suuza upawa, engua tena.

Povu likiisha, punguza moto. Kwenye jiko la mkaa toa makaa kadhaa, yaliyobaki yafunike na majivu kidogo. Unataka supu itokote, kiputo kimoja hapa kingine pale, isichemke kwa fujo. Ikichemka kwa nguvu, mafuta yanapigwa na maji mpaka yanachanganyika, supu inakuwa nyeupe na nzito kooni, na huwezi tena kuyaengua. Funika nusu.

Sasa tia kitunguu maji ulichokata mara mbili, kipande kimoja cha tangawizi ulichokigonga kidogo kwa mchi, pilipili manga, mchaichai, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Kimoja tu. Broila ataiva kwa dakika 40 hadi 45, tetea wa kienyeji saa moja na nusu, jogoo au kuku wa mayai saa mbili na zaidi. Kidari kikiiva kabla ya vingine kitoe, kifunike, kitasubiri wenzake.

Hatua ya 4: Dakika kumi za mwisho

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaweka tangawizi na kitunguu saumu vyote mwanzoni, vinachemka saa mbili, ukali wote unaisha. Kwa mtu mzima mwenye pua si tatizo, harufu itambeba. Mgonjwa wetu anahitaji ule ukali.

Kwa hiyo karoti na viazi viingie zikibaki dakika 20. Kisha ponda kwenye kinu kipande cha pili cha tangawizi pamoja na punje zote za kitunguu saumu mpaka vilainike, tia sufuriani zikibaki dakika kumi, pamoja na maini. Kama unapikia mtoto mdogo, weka nusu ya mchanganyiko huo. Pilipili mbuzi moja nzima, isiyopasuka, inaweza kuelea juu dakika tano kisha utoe, na ole wako ipasuke.

Vile vidonge vya dukani vya kuongeza ladha viache. Sehemu kubwa ni chumvi, na chumvi tumeshasema. Nazi pia iache leo. Ndugu zangu wa Tanga wataninunia, lakini tui zito na koo lenye makohozi havipatani mdomoni.

Hatua ya 5: Engua mafuta, kisha muite mzima aonje

Epua, iache itulie dakika tano, mafuta yapande. Engua mengi, usimalize yote, macho machache ya mafuta yanalainisha koo. Chuja kama ni ya mtoto au mzee.

Halafu tafuta mtu asiye na mafua. Yeye ndiye wa kuonja chumvi. Akisema imepelea, ongeza nusu kijiko cha chai, koroga, aonje tena. Kama mgonjwa ana presha, ishia kwenye kile kijiko cha mwanzo, ndimu itafanya kazi iliyobaki.

Ndimu kamulia kwenye bakuli, usiikamulie sufuriani. Ikichemka inaleta uchungu, na harufu yake yote inabaki jikoni.

Hatua ya 6: Namna ya kumnywesha

Mwaka 1978 madaktari wa Miami, Marekani, waliwapima watu 15 wenye afya waone kamasi inatembea kwa kasi gani puani baada ya kunywa maji baridi, maji ya moto na supu ya kuku. Maji ya moto yaliiharakisha, supu ya kuku nayo, na supu ilionekana kuwa na kitu zaidi. Mimi kilichonigusa ni jambo jingine: baada ya nusu saa ile kasi ilikuwa imesharudi ilivyokuwa. Ndiyo maana simpi mgonjwa bakuli kubwa la mara moja. Kikombe cha chai kimoja sasa, kingine baada ya saa moja au mbili, mpaka jioni. Tumbo halimjai, anapata maji na chumvi kidogo ya kufidia jasho, na kila mara pua inapata ahueni.

Mpe supu ikiwa na moto wa kunyweka, sio wa kuunguza. Mwache aiinamie bakuli akivuta mvuke taratibu. Ila mtoto usimfunike shuka juu ya sufuria inayofuka, watoto wameungua vibaya kwa kujifukiza.

Akianza kutamani kula, chambua kidari kwa vidole kifuate nyuzi zake, kitumbukize kwenye supu. Usimsukumie paja siku ya kwanza.

Yasiyo ya supu

Mafua ni kazi ya virusi, na supu haiviui. Inampa mtu nguvu na faraja mpaka mwili umalize kazi yake, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Na zile kapsuli za antibayotiki ambazo watu hununua mbili mbili dukani nazo hazigusi virusi. Lakini mtu mwenye homa usimkalishe na supu kwa kudhani ni mafua tu, apimwe malaria. Mtoto anayehema haraka, anayebonyea kifuani akivuta pumzi, au anayekataa kunywa, ni wa kupelekwa kituo cha afya saa hiyo hiyo. Aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, supu hata kijiko hapana. Na wanaopenda kumalizia na asali, aliye chini ya mwaka mmoja hapewi kabisa.

Hatua ya 7: Ya kesho

Supu isilale jikoni. Igawe kwenye vyombo vidogo ipoe upesi, na ndani ya saa mbili iwe kwenye friji, itakaa siku tatu. Toa ya kikombe kimoja kimoja, ichemshe mpaka ichemke kweli, iliyobaki usiiguse. Kama huna friji, pika nusu kuku kwa lita moja na nusu, iishe leo, kesho upike nyingine.

Kesho hiyo tangawizi na kitunguu saumu viponde upya, usitegemee vya jana. Endelea hivyo mpaka siku mgonjwa atakapokunja uso na kuuliza kwa nini supu inanuka saumu. Kuanzia kikombe hicho punguza saumu nusu, na chumvi mwache aonje mwenyewe.