Kuwapeleka watoto kumwona mjusi wetu wa Tendaguru, pale Berlin

Mjusi huyo ni dinosaria aliyechimbwa kwetu Tanzania, na mifupa yake iko kwenye makumbusho ya Berlin. Jumatatu msihangaike, pamefungwa. Siku nyingine pandeni treni ya chini ya ardhi, U6, mshuke kituo cha Naturkundemuseum, makumbusho yenyewe iko hapo hapo Invalidenstraße. Kabla ya kutoka nyumbani pitia tovuti yao ujue kumbi zipi ziko wazi, maana jengo ni la zamani na mafundi hawaishi.

Jioni ya kuamkia safari, fungua ramani ya Tanzania mbele ya watoto. Waonyeshe Lindi, kisha sogeza kidole bara kidogo, kaskazini-magharibi. Ndipo Tendaguru. Waambie kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichukua mifupa pale, ila walioshika majembe ni watu wa kwetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Na vita ya Majimaji ilikuwa ndiyo kwanza imeisha, njaa yake watu hawajaisahau. Wakiyajua hayo mapema, kule ndani hutapata kazi ya kuwashika mikono.

Makoti wekeni kabatini, mtatota jasho. Mjusi hatafutwi: ukiingia ukumbi wa kwanza unakutana naye, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Kwa mtoto namba hiyo ni upepo tu. Msogeze usawa wa mguu wa mbele, umuulize kiwiko kiko wapi. Mimi mtu mzima kinanipita. Halafu aangalie miguu ya mbele na ya nyuma, ipi mirefu? Ya mbele, ndiyo maana mgongo umeteremka kama wa twiga. Mwambie pia pingili za shingo ile ni za kuigiza, kwa kuwa zenyewe ni nzito na zinavunjika upesi. Miguu ndiyo mifupa halisi ya Lindi.

Msiondoke bado. Wanaomzunguka nao wengi ni wa Tendaguru. Wangu wanampenda dinosaria mwingine, Kentrosaurus, kwa ile miiba ya mkiani, na hapo uwaachie muda wa kuchora.

Swali la "mbona hawaturudishii?" litakuja tu, jiandae. Limeulizwa hadi bungeni Dodoma, kwa hiyo usimkatize mtoto. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea aliuliza lake: "Na waliobeba, majina yao yameandikwa wapi?" Nilimwambia kuna mjusi mmoja wa Tendaguru ambaye mwaka 2007 wataalamu walimpa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Akaguna. "Mmoja?"

Baada ya hapo chagueni kitu kimoja tu zaidi, watoto wadogo wakichoka ni vilio. Wenye moyo mgumu waende kwenye samaki na nyoka waliohifadhiwa ndani ya chupa za spiriti, rafu hadi darini. Wadogo watamfurahia Knut, yule dubu mweupe aliyezaliwa bustani ya wanyama ya Berlin. Madini mimi huwa nayaruka.

Chapati na maji beba mwenyewe. Mkitoka, tembeeni hadi Invalidenpark, kuna ukuta mkubwa unaotiririsha maji. Beba na soksi za akiba.