Tambi za Kichina nyumbani: cha kuweka pembeni

Kwetu Pemba ukisema tambi, mtu anafikiria zile za sukari, za nazi na hiliki na zabibu. Hizi za Kichina nilizijulia kwenye kambi ya wakandarasi wa barabara, nilikosaidia jikoni miaka miwili. Mpishi wao alinifundisha kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno. Sasa napika nyumbani Chake Chake, na majirani huniagizia wakiwa na wageni.

Mara ya kwanza kuwapikia wakwe niliharibu. Nilitandika kama nipikavyo wali: samaki wa kukaanga, pweza wa nazi, mbatata, chapati. Tambi nilizitia kwenye supu mapema, nikageukia samaki. Kuja kufunua sufuria, zimeshakunywa supu yote. Mama mkwe akachota, akatazama, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, huu uji umeutia nini?"

Siku hiyo nilikosea mara mbili: kuchagua, na kupanga muda.

Hatua ya 1: Tazama bakuli lenyewe

Wali ni mweupe, unangoja kitoweo. Tambi za Kichina zinakuja na kitoweo chake ndani: nyama, supu, mafuta, chumvi ya sosi ya soya. Kwa hiyo cha pembeni hapa kinafanya kazi ya kachumbari kwenye pilau. Jiulize bakuli limekosa nini. Tambi ni laini, basi tafuta cha kutafunika. Zina mafuta, tafuta kichachu. Ni supu ya moto, weka kitu baridi. Kama ni za kukaanga, kavu, weka kibakuli cha supu nyepesi ya mifupa yenye majani ya kitunguu, basi.

Wenyewe ndivyo wafanyavyo. Mji wa Lanzhou unasifika kwa supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, chakula cha Waislamu wa Kihui, halali kabisa. Ndani ya bakuli mna figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili na kotmiri. Pembeni huwekwa visahani vya mboga za baridi. Beijing nako wana tambi za mchuzi mzito wa soya iliyochachushwa, na tango hukatwa kama njiti za kiberiti, kila mtu akachanganya mwenyewe.

Chapati, mkate na mbatata viache kabisa. Ni wanga juu ya wanga, na mgeni atashiba kabla hajaonja chochote.

Hatua ya 2: Anza na tango la kuponda

Ukifanya kimoja tu, fanya hiki. Matango mawili yaliyo magumu, yasiyo na mbegu kubwa. Laza tango kwenye kibao, weka bapa la kisu juu yake, piga kwa kiganja mpaka lipasuke kwa urefu. Usilikate kwanza. Likipasuka linakuwa na kingo za mikwaruzo, na hizo ndizo zinazoshika siki. Tango la kukatwa kwa kisu linateleza, siki yote inabaki chini ya sahani.

Sasa likate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Nyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai, liache dakika 15, umwage maji yake. Ukiiruka sehemu hii utaleta mezani sahani inayoogelea. Kisha tia thomu punje mbili zilizopondwa, siki kijiko kimoja cha chakula, sosi ya soya kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kijiko cha chai na matone ya mafuta ya ufuta. Ukikosa mafuta ya ufuta, kaanga ufuta mkavu hadi unukie, uutwange, uunyunyize. Mimi hupenda ndimu kuliko siki, na pilipili mbuzi nusu, lakini hapo nimeshaingiza Upemba wangu.

Hatua ya 3: Mboga ya majani

Mchicha unatosha. Uoshe, uchuje sana, kwa sababu majani yenye maji yatachemka badala ya kukaangika. Kaango liwe la moto hasa, mafuta, thomu, halafu majani, geuza dakika moja, chumvi mwisho. Usitie nazi! Nazi na soya haziendani, nimejaribu.

Hatua ya 4: Kitu chenye nguvu, kidogo tu

Kama tambi zina nyama, hatua hii ipite. Kama ni za mboga, una njia mbili.

Ya kwanza ni mayai ya chai. Chemsha mayai sita dakika 8, yatie maji baridi, kisha ugonge gamba kwa mgongo wa kijiko mpaka lipasuke pasuke, usilimenye. Yarudishe sufuriani na vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vya chai vya majani ya chai, vijiko vinne vya chakula vya sosi ya soya, sukari kijiko cha chai, kipande cha mdalasini na karafuu mbili. Karafuu imo kwenye viungo vitano vya Wachina, kwa hiyo hapa Mpemba hana haja ya kununua kitu cha mbali, ila mbili zisizidi; nilitia sita nikala yai lenye ladha ya dawa ya meno. Moto mdogo nusu saa, yaache ndani ya maji hayo usiku kucha kwenye friji. Ukiyamenya utaona mistari kama utando wa buibui.

Ya pili ni ngisi. Mkate vipande, mtumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, hesabu dakika moja, mtoe. Akikaa kidogo zaidi anakuwa mpira. Tangawizi ya kukwaruza, ndimu, soya kidogo, umle baridi.

Neno moja kuhusu halali: mapishi mengi ya Kichina yanataja mvinyo wa mchele, hasa kwa samaki. Uache, tumia tangawizi na ndimu kuondoa shombo. Na chupa za sosi zisome maandishi yake kabla ya kulipa.

Achari ya embe je? Kwa tambi za kukaanga, kijiko kimoja, sawa. Kwa supu hapana, itaimeza ladha yote.

Hatua ya 5: Muda

Kwa watu wanne natosheka na visahani vitatu. Mayai ni ya jana. Tango lianze saa moja kabla, ngisi afuate, mchicha ukaangwe wakati maji ya tambi yanapanda moto. Vyote viwe mezani, watu wamenawa na wamekaa, ndipo tambi zitumbukie: zile mbichi dakika mbili tatu, kavu nne au tano. Supu ichemke sufuria ya mbali, ikutane nazo ndani ya bakuli. Kama baba watoto hajarudi msikitini, maji yangu yataendelea kuchemka tu, na tambi ziko bado kwenye karatasi yake.