Slaidi ya malaria kwa ajili ya utafiti: kutoka tone la damu hadi hesabu ya vimelea

Kipimo cha haraka cha malaria hujibu ndiyo au hapana. Kwenye utafiti wa dawa jibu hilo halifiki mbali. Mgonjwa huchukuliwa damu siku ya 0, 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, na kila mara kinachotakiwa ni idadi ya vimelea katika maikrolita moja ya damu, aina yake, na kama kuna gametosaiti (hatua ya kimelea inayoambukiza mbu). Isitoshe, HRP2, protini ya kimelea inayosakwa na vipimo vingi vya haraka hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mtu aliyekwisha kupona anaweza bado kuonyesha mistari miwili. Ndiyo maana hadubini, pamoja na rangi aliyoichapisha Gustav Giemsa mwaka 1904, bado haijaondoka mezani.

Slaidi nyingi huharibika kabla hazijafika kwenye hadubini, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi.

1. Bufa, siku moja kabla

Bufa ni myeyusho unaoshikilia pH isibadilike, nao ndio wa kuchanganyia rangi. Kwa lita moja: gramu 0.7 za potasiamu dihidrojeni fosfeti (KH₂PO₄) na gramu 1.0 ya disodiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji (Na₂HPO₄). Soma lebo ya chupa vizuri, maana chumvi hiyo ya pili huuzwa pia ikiwa na maji ndani yake, na hapo gramu moja haitakuwa gramu moja. Yeyusha kwenye maji safi ya maabara yaliyokenekwa, kisha pima pH. Unatafuta 7.2. Ikipungua, ongeza matone ya myeyusho wa 2% wa Na₂HPO₄; ikizidi, tumia wa KH₂PO₄. Pima upya kila asubuhi ya kazi.

Kipimo hiki hakina mjadala. Bufa ikiwa na asidi, slaidi nzima huwa ya waridi na saitoplazimu ya kimelea (mwili wake unaozunguka kiini) hufifia hadi kupotea. Ikiwa na alkali nyingi, kila kitu huwa buluu ya kijivu na kromatini (kiini cha kimelea) haigeuki nyekundu. Fundi akilalamika kwamba rangi imeharibika, anza kuichunguza bufa.

2. Slaidi na kidole

Tumia slaidi mpya, safi, isiyo na mafuta. Ishike pembeni tu. Andika namba ya mshiriki, tarehe na saa kwa penseli kwenye sehemu iliyokwaruzwa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye methanoli, na slaidi isiyo na namba ni sawa na slaidi ambayo haikuchukuliwa.

Mtu mzima au mtoto mkubwa: kidole cha kati au cha pete. Mtoto mchanga: kisigino au kidole gumba cha mguu. Vaa glovu, safisha kwa spiriti ya 70%, halafu kausha kabisa kwa pamba kavu. Spiriti iliyobaki kwenye ngozi hugandisha chembe nyekundu, nazo zikigandishwa kwenye utando mnene, yaani damu nene ambayo chembe zake nyekundu lazima zipasuke ili vimelea vionekane, hazitapasuka. Choma kwa pembeni ya ncha ya kidole, futa tone la kwanza, kisha bonyeza taratibu. Lanseti (kisindano cha kuchomea) iende moja kwa moja kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali.

Ukitumia damu ya chupa yenye EDTA (kemikali inayozuia damu isigande), tengeneza tando mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana. Ikikaa, maumbo ya vimelea hubadilika na kutambua aina kunakuwa kazi ya kubahatisha.

3. Tando mbili kwenye slaidi moja

Weka maikrolita 2 katikati ya slaidi kwa utando mwembamba, na maikrolita 6 sentimita moja kutoka hapo kwa utando mnene. Kama huna pipeti, ni tone moja dogo na matone matatu.

Anza na mwembamba. Gusisha ukingo laini wa slaidi nyingine kwenye tone dogo, subiri damu itambae upande hadi upande, kisha sukuma kwa mwendo mmoja usiosita, kwa pembe ya nyuzi 45. Ukisita, utaona mistari kama ngazi. Mwisho wa utando unapaswa kuwa na unyoya, chembe zikiwa zimetandazwa moja moja.

Kwa utando mnene, tumia kona ya slaidi ya kusukumia kuunganisha matone kuwa duara la kipenyo cha karibu sentimita moja, kwa mizunguko michache ya haraka. Ipimie unene kwa gazeti: weka slaidi juu ya habari yoyote. Maneno yasomeke kwa shida kupitia damu. Yakisomeka wazi, damu ni kidogo. Yasiposomeka kabisa, utando utabanduka wakati wa kuosha.

4. Kukausha

Laza slaidi kwenye meza iliyo sawa. Ikiinama, damu hukusanyika upande mmoja. Ifunike kwa kisanduku dhidi ya vumbi, nzi na mende. Mende hula utando mnene usiku kucha na kuacha kioo kitupu, si mzaha. Feni ya hewa baridi inafaa. Usikaushe kwa moto, jua kali wala kwenye kabati la joto la maabara, kwa sababu joto hugandisha utando. Pwani, kwenye joto na unyevu kama wa Tanga au Mombasa, utando hujigandisha wenyewe ukikaa siku kadhaa, kwa hiyo paka rangi ndani ya saa 24.

5. Methanoli kwa mwembamba peke yake

Chovya utando mwembamba kwenye methanoli kwa sekunde mbili, au uguse kwa pamba iliyolowa methanoli, ili chembe zake zigande. Kisha simamisha slaidi ikiwa imeinama, mwembamba ukiwa chini, ili kimiminika wala mvuke visipande kwenye mnene. Chupa ya methanoli ifungwe kila mara: ikivuta unyevu wa hewa, chembe nyekundu zitatokea na vitobo vya kung'aa ambavyo msomaji mchanga huvidhania vimelea. Ni sumu na hushika moto upesi.

6. Rangi

Chuja rangi ya akiba kwa karatasi ya kuchujia kiasi kinachotosha kwa siku. Usiitikise chupa kubwa, maana utaamsha mashapo, na pipeti iwe kavu kabisa. Tone la maji likiingia, chupa nzima huanza kuharibika.

Kwa slaidi chache, tumia 10%: mililita 2 za rangi na mililita 18 za bufa hutosha slaidi sita, mililita 3 kila moja, kwa dakika 8 hadi 10. Kwa utafiti wenye slaidi nyingi, tumia 3%: mililita 3 za rangi na 97 za bufa, dakika 30 hadi 45. Hii ya polepole hutumia rangi kidogo na hutoa picha safi zaidi, ndiyo ninayoipendekeza pale ambapo mgonjwa hasubiri majibu mlangoni. Kila kundi liwe na slaidi moja inayojulikana ina vimelea na moja isiyo navyo. Rangi iliyochanganywa na kubaki, mwaga.

Muda ukifika usiimwage rangi kutoka kwenye slaidi. Juu yake kuna utando wa rangi ya shaba ambao utashuka na kung'ang'ania damu. Mimina bufa au maji taratibu kutoka upande wa mwembamba mpaka uchafu uelee na kuondoka, kisha simamisha slaidi ikauke, damu ikitazama chini.

7. Kusoma

Weka tone la mafuta ya hadubini, tumia lenzi ya 100× na lenzi ya jicho ya 10×. Usirudishe lenzi ya 40× juu ya mafuta.

Katika utando mnene chembe nyekundu zimeyeyuka. Utaona viini vya zambarau vya chembe nyeupe, 15 hadi 20 kwa kila uga (eneo linaloonekana kwa mara moja) kama unene ni mzuri. Kimelea lazima kiwe na vitu viwili kwenye fokasi ileile: kromatini nyekundu na saitoplazimu ya buluu. Kitone chekundu peke yake ni chembe sahani au mashapo. Gametosaiti za P. falciparum, mojawapo ya aina za kimelea cha malaria, zina umbo la ndizi. Ukiwa na shaka kuhusu aina, nenda kwenye utando mwembamba.

Hesabu vimelea na chembe nyeupe kwa pamoja, kwa vihesabio viwili. Ukifika chembe nyeupe 200 ukiwa na vimelea 100 au zaidi, maliza uga uliopo na usimame. Vikiwa 99 au pungufu, endelea hadi chembe 500. Gametosaiti zihesabiwe kando. Usiandike "hakuna" kabla ya kusoma nyuga 100.

Mfano: vimelea 342 kwa chembe nyeupe 203.

342 × 8,000 ÷ 203 = 13,478 kwa maikrolita

Hiyo 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe katika maikrolita moja ya damu. Kama mshiriki amehesabiwa chembe zote za damu kwa kipimo cha maabara siku hiyo, tumia namba yake halisi na uandike umetumia ipi. Kuchanganya njia mbili kwa mgonjwa mmoja huleta kupanda na kushuka ambako hakukutokea mwilini.

Kila slaidi isomwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake. Wakitofautiana kuhusu kuwapo kwa vimelea, aina, au idadi kwa zaidi ya 25%, inakwenda kwa msomaji wa tatu. Futa mafuta kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua, acha slaidi ikauke, ipange kwenye kisanduku kwa namba, mbali na mwanga.