Filamu ya mtaani dhidi ya ukatili wa kijinsia: kuanzia simu hadi shuka jeupe

Filamu ya dakika 10 iliyopigwa kwa simu na wanawake wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, inaweza kuwafanya majirani wabishane hadharani juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzimwa kwa kuitwa "mambo ya ndani". Ikiandaliwa ovyo, humrudishia mwanamke kipigo. Maelekezo haya yameandikwa kwa vikundi vya Tanzania Bara, na yanaanza na usalama.

Kabla ya kamera

Msimpige picha manusura akisimulia yaliyompata. Kumficha uso hakusaidii mtaani, maana watu humtambua kwa sauti, kwa kanga, hata kwa ukuta ulio nyuma yake. Sauti iliyobadilishwa kwa programu inaweza kurudishwa na mtu anayejua kuhariri. Tungeni hadithi inayochanganya visa vingi, kisha badilisheni idadi ya watoto, kazi ya mume na chanzo cha ugomvi. Wasomeeni watu wawili wasio wa kikundi. Mmoja akisema "huyu si fulani?", andikeni upya.

Nendeni mapema kwa afisa ustawi wa jamii wa kata na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sababu ni moja: baada ya onyesho, kuna mama atakayewavuta pembeni. Kama siku hiyo hamna pa kumpeleka, ahirisheni. Kwa masuala ya watoto, namba 116 hupigwa bure.

Mwenyekiti wa mtaa au kijiji naye apewe taarifa, ila asipewe mswada aukate anavyotaka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali cha kupiga filamu na ukaguzi kabla ya kuionyesha hadharani, kwa hiyo fuatilieni Bodi ya Filamu kabla ya kutangaza tarehe. Wanaotaka kuwahi Siku 16 za kupinga ukatili, Novemba 25 hadi Desemba 10, waanze miezi kadhaa nyuma.

Hadithi

Matukio 6 hadi 8 yanatosha. Kipigo chenyewe kisionekane. Kikionyeshwa, vijana hushangilia kama wako kibanda umiza, banda la video la mtaani, wanatazama filamu ya ngumi, na mwanamke aliyepitia hayo huinuka na kuondoka. Onyesheni mlango uliofungwa, sufuria inayoanguka, na jirani aliyesimama uani akisikiliza. Huyo jirani ndiye mhusika mkuu, kwa sababu watazamaji wenu wengi ni majirani.

Halafu, mnapofika dakika ya 6 au 7, kateni. Jirani ameshika kitasa, skrini inakuwa nyeusi, mwezeshaji anasimama na kuuliza: afanye nini? Mwisho wa filamu huonyeshwa baada ya mjadala. Kikundi kinachoruka hatua hii hupata makofi, na watu huenda kulala.

Maelezo yawe sahihi, kwani watu watayafuata. Kama hadithi ina ubakaji, mhusika asioge wala asifue nguo kabla ya kupimwa, maana ushahidi hupotea. Awahi kituo cha afya ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia maambukizi ya VVU bado zinaweza kuanzwa. Akiwahi zaidi ni bora zaidi. Fomu ya polisi ya kupelekwa kwa matibabu, PF3, nayo ionekane mkononi, watu waijue.

Kupiga

Wanawake washike kamera, waongoze, wahariri. Wakiachiwa kuigiza tu, huku fundi kutoka mjini akiamua kila kitu, uwezeshaji umebaki kwenye ripoti. Zungusheni kazi: aliyeshika simu leo, kesho ashike sauti.

Lazeni simu kwa upana. Chagueni ubora wa picha wa 1080p, fremu 25 au 30 kwa sekunde, mzime mtandao na utambuzi wa mahali. Dakika moja inaweza kula zaidi ya MB 100, basi acheni GB 10 wazi. Pigeni asubuhi au alasiri, chini ya kivuli. Jua la saa sita mchana huzamisha macho.

Filamu nyingi za mtaani huharibika kwa sauti, si kwa picha. Kipaza sauti cha kubana nguoni kikae shubiri moja chini ya kidevu, na kisiguswe na kanga. Kama hamna, simu ya pili irekodi sauti karibu na mwigizaji, na mpige kofi moja mwanzoni ili kuoanisha sauti na picha. Mabati wakati wa mvua na bodaboda barabarani haviondoki kwenye uhariri; subirini vipite.

Onyesho

Shuka jeupe la mita 3 kwa 2, lililonyooshwa pembe zote, linatosha watu 80. Projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga wake) inahitaji giza, kwa hiyo anzeni baada ya saa moja na nusu usiku. Jenereta ikae mita 20 au zaidi, nyuma ya ukuta. Mwigizaji wa mume mkatili atambulishwe kwa jina lake halisi kabla ya filamu, la sivyo sokoni ataitwa lile la kwenye skrini.

Wekeni kikao cha wanawake peke yao kabla ya kile cha wote. Kwenye kile cha wote, msiwaulize watu yaliyotokea nyumbani kwao. Ulizeni juu ya wahusika. Atatokea mzee wa kusema mume ana haki ya kumrudi mkewe. Msimzomee. Msomeeni kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, kisha mwacheni ajibizane na wenzake.

Afisa ustawi akae kando, penye mwanga kidogo, si meza ya mbele ambako kila anayemfuata huonekana.

Kuhusu WhatsApp, ridhaa ya kuonyeshwa mtaani si ridhaa ya kusambazwa. Muulizeni tena kila aliyeonekana, akiwa ameshaitazama filamu nzima na bila waume au viongozi kuwapo. Mmoja akikataa, kipande chake kinatoka. Kama hakitoki, filamu inabaki kwenye flashi.