Somo: Kigoma, Ujiji na Gombe kwa anayekuja mara ya kwanza (someni yote kabla ya kuuliza)

Wakuu habari za muda huu. Naandika hili mara moja niwe natupia tu, maana PM zangu zimejaa swali lilelile, "nakuja Kigoma wikiendi, nifanyeje niende Gombe asubuhi, nirudi mchana, jioni niwe Ujiji?" Jibu fupi ni kwamba kwa boti la abiria haiwezekani. Kigoma ratiba haipangwi na wewe, inapangwa na boti, na ukishalielewa hilo mambo mengine yote ni rahisi.

1. Kufika. Ndege, basi au treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na toka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo ukiwa na haraka usipande treni. Siku zake zinabadilika, uliza stesheni.

2. Pa kulala. Kigoma mjini kama unataka kuwa karibu na Ziwa Tanganyika, mtaa wa Mwanga kama unataka bei ya chini. Kwenda Ujiji ni daladala au bajaji, sio safari.

3. Kulipia Gombe, yaani hifadhi ya taifa ya sokwe. TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) hawapokei keshi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unatunza risiti. Omba na chumba cha kulala kule hifadhini hapohapo, usisubiri ufike. Mtanzania beba kitambulisho, bila hicho usilalamike ukipigiwa bei ya mgeni.

4. BOTI. Hapa ndipo wengi wanachemsha, mimi nikiwemo, kwa hiyo tulia usome. Gombe haina barabara, unaingia kwa maji tu. Boti za abiria zinatoka Kibirizi, ufukweni kaskazini kidogo ya mjini, zinaenda vijiji vya juu mpaka Kagunga mpakani na Burundi, na Gombe ni kituo cha njiani, yaani wanakushusha Kasekela halafu wao wanaendelea. Sasa sikiliza vizuri: zinaondoka MCHANA, sio asubuhi, na za kurudi zinapita Kasekela alfajiri alfajiri. Maana yake ukienda leo unalala, kesho asubuhi boti linapita wewe hata sokwe hujamuona, kwa hiyo kama unataka kutembea msituni kwa raha ni usiku mbili, au urudi kwa boti la kukodi. Jumapili usitegemee kabisa kupata boti. Na ile ya kurudi haitakuja kukugongea mlango, unatakiwa uwe umesimama ufukweni na mzigo wako kabla haijatokea, waombe askari wa hifadhi wakusaidie kuipungia.

Ukikodi boti lako (ni hela nyingi ukiwa peke yako, mkiwa kundi inavumilika) unaweza kutoka alfajiri na kurudi siku hiyohiyo, ila:
- kubaliana bei ya kwenda NA kurudi NA kusubiri, mafuta yakiwemo, kabla hujaingia kwenye maji
- usilipe yote mwanzoni, bakiza ya kurudi
- laifu jaketi uione kwa macho na uivae, "zipo kule chini" sio jibu
- mzigo wote ndani ya mfuko wa nailoni, utalowa tu
- ziwa hili upepo ukichachamaa mchana linakuwa sio mchezo, hasa kiangazi upepo wa kusi ukivuma. Nahodha akisema tusubiri, subiri. Usimpe hela ya ziada ili akubali kuondoka. Ziwa hili lina kina cha mpaka mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na boti likizima injini katikati hakuna wa kulisukuma.

5. Ukiwa Gombe. Unatembea na muongozaji, unakaa mbali na sokwe angalau mita 10, unavaa barakoa. Una mafua? Usiende, na sisemi hivi kwa ubishoo, magonjwa yetu yanawaua, mwaka 1966 polio ilipita pale ikaua na kulemaza sokwe. Huu ndio msitu aliofikia mtafiti Jane Goodall Julai 1960 akaona sokwe wanatumia majani kuvua mchwa kwenye kichuguu, kabla ya hapo wasomi walishaamini kutengeneza vifaa ni kazi ya binadamu peke yake. Hifadhi ya Taifa imekuwa 1968. Na chakula usile nje, nyani wa pale wanapora mchana kweupe.

6. Ujiji. Nusu siku inatosha. Kuna mnara na makumbusho pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, miembe iliyopo ni kizazi cha ule mwembe wa zamani wa pale walipokutana, wenyewe ulishakufa. Ila usiishie kwa wazungu wawili. Ujiji ndio ulikuwa mwisho wa njia ya misafara toka Bagamoyo, pembe za ndovu na watumwa walipita hapa, na miaka ya 1880 mkubwa wa biashara hapo alikuwa Muhammad bin Khalfan, wanamwita Rumaliza. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walishafika 1858. Tembea mitaani kwa miguu, ongea na wazee, vaa kwa heshima.

7. Kuogelea. Ufukwe wa Jakobsen upande wa Katonga ndio mzuri, maji meupe na mawe, ukiwa na miwani ya maji unaona samaki wa rangi wanaopatikana ziwa hili tu na si kwingine. Mawe ni mazuri kuliko majani, maana konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Mamba wapo ziwani, uliza wenyeji kabla ya kujirusha sehemu yoyote.

Haya, maswali.

---

kijana_wa_dodoma: Asante mkuu. Jumla inaweza kufika sh ngapi?

Mwandishi: Jumla ya nini? Unalala wapi, mko wangapi, boti la abiria au la kukodi? Rudi na hivyo vitu tuongee.

MamaTwins: Kaka samahani, watoto naweza kwenda nao Gombe? Wa kwanza ana miaka 8.

Mwandishi: Dada kwa sokwe hapana, kuna umri umewekwa, wasiliana na TANAPA kabla hujalipa chochote. Watoto wapeleke Ujiji asubuhi na Jakobsen mchana, watafurahi kuliko kupanda vilima vya Gombe, vile vilima ni vikali hata kwa mtu mzima.

Babu Kidevu: naomba kujua boti la asubuhi kwenda gombe linatoka saa ngapi

Mwandishi: Hatua ya 4.

Babu Kidevu: nimesoma sijaona muda

Mwandishi: Hujaona kwa sababu la asubuhi halipo. Mzee wangu, ile herufi kubwa niliiweka kwa ajili yako.

Mzalendo77: Unatisha watu bure. Mimi nilienda na kurudi siku moja na mvua haikuninyeshea.

Mwandishi: Kwa boti la abiria?

Mzalendo77: La ofisi.

Mwandishi: Basi tumemaliza.

nuru_k: Shikamoo mkuu. Nilifika Ujiji mwaka jana nikashangaa, ule mnara uko mbali na maji. Livingstone si alikuwa kando ya ziwa? Au mnara wamejenga pasipo?

Mwandishi: Marahaba, hili swali linanikosha. Mnara uko sawa, ziwa ndilo limeondoka. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Congo, na enzi za Livingstone mlango huo ulikuwa umeziba kwa tope na majani, maji yakawa yanapanda tu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yakazidi, yakavunja kizuizi, ziwa likamwagika kwenda mto Congo na kushuka mita 10 hivi katika miaka iliyofuata. Ufukwe wa Ujiji ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu nchi kavu inaongezeka sana. Miaka ya karibuni tena yamepanda yakala nyumba na miundombinu ya mwambao, Kibirizi ikiwemo, ndio maana usishangae ukikuta gati limehama. Ukirudi simama mnarani uangalie ziwani, ile ardhi yote ya mbele yako jaribu kuiwaza ikiwa maji.

nuru_k: Daaah. Muongozaji hakusema hata neno!

Mwandishi: Waulize, wengi wanajua ila wageni wanauliza mwembe tu.

reli_na_meli: Kuna ndugu ananiambia nisubiri meli ya Liemba nishuke nayo kusini.

Mwandishi: Ilisimama kwa matengenezo, usipange chochote juu yake mpaka uulize bandarini mwenyewe. Ila historia yake ni tamu: Wajerumani waliiunda 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, Waingereza wakaiinua 1924, ikaanza kazi upya 1927. Kupiga picha bandarini omba ruhusa kwanza.

Che_wa_Mwanga: Kuongezea mkuu, Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivukia hapahapa Kigoma kwenda Congo. Watu wanapita hawajui.

Mwandishi: Kweli kabisa, nilisahau kuiweka.

mamalishe_online: Mie nataka dagaa wa Kigoma tu wa kuja kuuza, hayo mengine baadae 😂 nije lini?

Mwandishi: Angalia mwezi. Wanavua usiku kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda. Njoo siku za giza, mwezi haupo, na usiku ukikaa sehemu ya juu utaona taa za mitumbwi ziwani zimetapakaa kama mji. Halafu uliza kwanza kama ziwa limefungwa, 2024 walisimamisha uvuvi toka 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane.

mamalishe_online: Na wa mchanga nitawajuaje? Niliwahi kupigwa.

Mwandishi: Waulize wameanikwa chini au kwenye kichanja. Wote watakwambia kichanja, kwa hiyo chukua kiganja kimoja, tia kwenye bakuli la maji, koroga, subiri, angalia chini ya bakuli. Muuzaji akikataa usimwage maji yake, hama meza.