Kabla ya Agosti 2027, weka akiba ya usingizi pia

Uchaguzi ujao wa Kenya ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, na najua tukikaribia hapo watu wataanza kuambiana nunua unga, nunua unga. Sawa, nunua. Lakini kwangu kilichoisha kwanza 2022 hakikuwa unga, ni usingizi.

Ya haraka haraka kwanza. Dawa za presha, sukari, pumu, weka za wiki mbili au zaidi, usingoje ubaki na vidonge vitatu ndio uanze kuzunguka mji. Pesa taslimu kidogo manake wakala anaweza kufunga. Gesi, maji, simu ina chaji. Jua watoto watakuwa kwa nani. Waliokuwa Nakuru ama Eldoret Januari 2008, zile vurugu za baada ya kura, wanakumbuka hata kadi za simu za kukwaruza ziliadimika, ya mia ikauzwa zaidi ya mia. Hivi vitu havizuii baya kutokea, vinakupunguzia tu maswali ya saa nane usiku.

Kahawa, miraa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, punguza hizo wiki. Moyo ukishaanza mbio akili inatafuta sababu, na msimu wa kura sababu hazikosekani.

Halafu angalia kalenda vizuri. Tume ya uchaguzi ina siku 7 za kutangaza matokeo ya urais. 2022 tulipiga kura 9 Agosti, tukatangaziwa 15 Agosti, kesi ikaamuliwa Mahakama ya Juu 5 Septemba. 2017 ndio kabisa, kura ya 8 Agosti ikafutwa 1 Septemba, tukarudi kupiga tena 26 Oktoba. Kwa hivyo hiyo ya kujiambia "wakitangaza tu nitapumua" wachana nayo, jipange kwa wiki nne au zaidi.

Sasa hii ingine ilinichoma mwenyewe. 2022 Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwa mtandao kila mtu azione, stesheni za tivi zikaanza kujumlisha kila mmoja kivyake, hapa unaona huyu anaongoza, ukibadilisha unapata yule ndio yuko mbele, kumbe fomu ni zile zile tu ila kila mmoja anaziingiza kwa mpangilio wake. Mimi nikachukua daftari ya hesabu ya mtoto, nikachora safu tatu, stesheni tatu, kila nusu saa naandika. Niliona hiyo ndiyo kujiandaa. Nikimaliza kuandika napigia mama, yuko peke yake ushago, "Mama, kuko aje huko?" Ananiambia kuko sawa. Saa moja ikiisha napiga tena.

Jumamosi usiku, siku ya nne, saa tisa hivi, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, jasho jembamba, nikamwamsha mke wangu nikamwambia mimi nimeisha. Jirani akatutoa na gari yake. Hospitali wakanibandika ile mashine ya waya waya, moyo uko safi. Daktari akaniuliza ulilala lini mara ya mwisho, nikashindwa kujibu, lakini namba za zile safu tatu ningemsomea zote bila daftari. Akanieleza nilikuwa napumua haraka haraka mpaka hewa chafu inatoka mwilini kupita kiasi, ndio vidole vinakufa ganzi, na hofu ya namna hiyo hupanda kwa dakika kama kumi halafu ikaanza kushuka. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita. (Wewe lakini kifua kikikubana usijitibu na hii hadithi yangu, nenda ukapimwe.)

Kesho yake nikampigia mama kumweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, kila ukipiga mimi huenda dirishani kuangalia nje. Nilijua kuna kitu umeona huko Nairobi unanificha. Nimelala na viatu siku tatu." Kijijini kwao kulikuwa kumetulia kabisa. Moto ulikuwa unatoka kwa simu yangu.

Kwa hivyo kubalianeni mapema, kabla ya kampeni kuchacha: simu ni asubuhi na jioni, ya katikati ni ya dharura tu. Habari mara mbili kwa siku. Usiku simu ilale jikoni. Grupu ya familia nyamazisha, hasa kama kuna yule shemeji wa kutuma sauti za "mtu wa ndani" na video za 2008 akisema ni za leo.

Ukizidiwa, Msalaba Mwekundu wana namba ya simu 1199, ni bure, iandike mahali sasa hivi ukiwa na akili yako. Pombe haisaidii, unalala saa tatu unaamka saa tisa moyo unadunda. Tivi zima watoto wakiingia. Siasa za matatu usijibu. Mzee aliyepoteza nyumba 2008 akikataa kulala usimcheke, kaa naye. Na daftari nunua yako, yangu mtoto alimpelekea mwalimu shule zilipofunguliwa, safu zote tatu ziko ndani.